Kati ya Mashine na Mkono wa Mtumiaji: Historia ya Kurekebisha Kumbukumbu Pepe ya Kompyuta, 1962–2015

Utangulizi

Mtumiaji wa Windows XP, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2001, aliyefungua sifa za mfumo na kupita madirisha kadhaa alifika mahali palipokuwa na visanduku viwili vya tarakimu. Kimoja kilikuwa cha ukubwa wa kuanzia wa faili la kurasa, na cha pili kilikuwa cha ukubwa wake wa juu kabisa. Kwa kawaida mfumo wenyewe ulikuwa umekwisha kuweka kiasi cha RAM mara moja na nusu katika kisanduku cha kwanza, na mara tatu katika cha pili. Mafundi wengi hawakuridhika na hesabu hiyo. Walifuta tarakimu zilizokuwapo, wakaandika kubwa zaidi, wakaiwasha upya mashine, wakitarajia kwamba ingekwenda kasi kuliko jana.

Makala haya yanachunguza asili ya matarajio hayo. Hoja yake ni kwamba kumbukumbu pepe ilibuniwa mahsusi ili binadamu aache kushughulika na ugawaji wa kumbukumbu. Kwamba katika muda usiozidi miaka 30 kazi hiyo ilimrudia kwa sura ya mipangilio. Na kwamba iliporudi, swali lilikuwa limebadilika bila watu wengi kutambua. Wabunifu wa mwanzo waliuliza ni kurasa zipi zikae karibu na kichakataji. Watumiaji wa baadaye waliuliza faili liwe kubwa kiasi gani. Maswali hayo mawili yana majibu tofauti, na gharama ya kuyachanganya ilibebwa na watu wenye mashine dhaifu.

Neno lenyewe linahitaji tahadhari. Kivumishi "pepe" kilizoeleka katika Kiswahili kupitia "barua pepe", na msikilizaji anaweza kudhani kwamba kumbukumbu pepe ni kumbukumbu ya ziada iliyopatikana hewani. Sivyo ilivyo. Ni mpango wa anwani: programu hupewa anwani nyingi kuliko nafasi iliyopo katika RAM, na kila anwani hutafsiriwa wakati inapohitajika. Kurasa zisizotosha ndani ya RAM huwekwa katika chombo kilicho kikubwa zaidi lakini cha polepole, ambacho kwa muda mrefu kilikuwa ngoma ya sumaku na baadaye diski ngumu.

Manchester na ngazi moja ya hifadhi

Kabla ya miaka ya 1960, mwandishi wa programu kubwa alikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kutatua tatizo lake, liwe la fizikia au la mishahara. Ya pili ilikuwa kuikata programu vipande, kupanga kipande kipi kikae katika kumbukumbu kuu, kipi kisubiri katika ngoma, na kuandika amri za kuvibadilishana kwa wakati ufaao. Mara nyingi kazi hii ya pili ndiyo iliyokula muda. Aidha, haikudumu: mashine ikiongezewa kumbukumbu, mpango wote ulipaswa kuandikwa upya.

Katikati ya miaka ya 1950, Fritz-Rudolf Güntsch alieleza katika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin namna mashine inavyoweza kuhamisha vipande hivyo yenyewe. Tasnifu hiyo ilikaa miongo kadhaa bila kutajwa sana nje ya Ujerumani; hatima ambayo tasnifu nyingi huipata, ingawa si nyingi zinazoistahili kidogo kama hii.

Mashine iliyoutimiza mpango huo kwa vitendo ni Atlas, iliyojengwa na Chuo Kikuu cha Manchester kwa ushirikiano na kampuni ya Ferranti na kuzinduliwa tarehe 7 Desemba 1962. Kiongozi wake, Tom Kilburn, alikuwa miongoni mwa waliounda mashine ndogo ya Manchester iliyoendesha programu yake ya kwanza mwezi Juni 1948. Atlas ilikuwa na maneno 16,384 ya biti 48 katika kumbukumbu ya viini vya sumaku, na maneno 98,304 katika ngoma. Kwa vipimo vya leo, ya kwanza ni sawa na kilobaiti 96 na ya pili ni kilobaiti 576. Kilburn na wenzake, Edwards, Lanigan na Sumner, waliuita mpango wao hifadhi ya ngazi moja, kwa sababu mwandishi wa programu aliona eneo moja tu pana, bila kujua wapi viini vinaishia na wapi ngoma inaanzia.

Utendaji wake unastahili kuelezwa, kwa kuwa misingi yake haijabadilika. Eneo lote liligawanywa katika kurasa za maneno 512, hivyo viini viliweza kubeba kurasa 32. Kila nafasi ilikuwa na rejista yake iliyotunza namba ya ukurasa uliomo. Programu ilipotaja anwani, rejista zote 32 zililinganishwa kwa pamoja. Ukurasa ukipatikana, kazi iliendelea. Usipopatikana, programu ilisimamishwa, na programu simamizi ikaagiza ukurasa huo kutoka katika ngoma. Nafasi moja iliachwa wazi daima ili mgeni asisubiri mwenyeji atoke. Baada ya hapo ndipo ulipochaguliwa ukurasa wa kutolewa, na uchaguzi huo ulifanywa na sehemu iliyojifunza kutokana na mwenendo wa programu: ilitazama ukurasa umekaa muda gani bila kuguswa, ikilinganisha na kipindi ulichokaa kimya mara ya mwisho.

Uchaguzi huo ulibeba uzito mkubwa kwa sababu ya tofauti ya kasi. Mzunguko wa viini ulichukua takribani maikrosekunde 2, ilhali kusubiri ngoma kulichukua wastani wa milisekunde 6. Uwiano huo ni 1 kwa 3,000. Kama kusoma kutoka katika viini kungechukua dakika moja, kusubiri ngoma kungechukua zaidi ya siku mbili. Kwa hiyo, tangu siku ya kwanza, kumbukumbu pepe haikuwa njia ya kuongeza kasi. Ilikuwa njia ya kupata upana, na kasi ilitunzwa kwa kuhakikisha kwamba safari za kwenda katika ngoma ni chache.

Je, mashine inaweza kumshinda binadamu?

Waandishi wa programu wazoefu hawakuupokea mpango huo kwa furaha. Walidai kwamba mtu anayeijua programu yake atapanga kurasa vizuri kuliko kanuni yoyote ya jumla. Dai hilo lilikuwa na mantiki, na lilipimwa katika maabara za IBM huko Yorktown Heights, Marekani. Mwaka 1966 László Bélády alichapisha uchambuzi wa kanuni za kuondoa kurasa, akizilinganisha na kanuni bora kabisa, yaani ile inayoondoa ukurasa utakaohitajika mbali zaidi katika wakati ujao. Kanuni hiyo haiwezi kutumika kwa kuwa hakuna mashine inayoyajua ya kesho, lakini ilitoa kipimo cha kuzihukumu nyingine. Mwaka 1969 David Sayre, wa maabara hizohizo, aliuliza waziwazi iwapo ugawaji wa mashine umefikia ubora wa kuuondoa ule wa mkono. Jibu lake lilielekea kukubali, kwa sharti kwamba kanuni iwe nzuri na programu iwe imeandikwa kwa uangalifu.

Mwaka huohuo Bélády, Nelson na Shedler walionyesha jambo linalopingana na akili ya kawaida. Chukua programu inayotaja kurasa kwa mfuatano huu: 1, 2, 3, 4, 1, 2, 5, 1, 2, 3, 4, 5. Mashine ikiwa na nafasi 3, na ikiwa kanuni yake ni kumtoa aliyetangulia kuingia, itakosa ukurasa mara 9. Ikiongezewa nafasi ya nne, itakosa mara 10. Msomaji anaweza kuthibitisha kwa kalamu na karatasi. Ni kweli kwamba kasoro hiyo hutokea kwa baadhi tu ya kanuni na kwa mifuatano michache. Hata hivyo ilitosha kuvunja dhana kwamba ukubwa peke yake una neno la mwisho.

Pigo kubwa zaidi lilitoka kwenye mashine za watumiaji wengi. Wasimamizi waligundua kwamba wakiongeza programu moja baada ya nyingine, mashine hufanya kazi vizuri hadi hatua fulani, kisha huporomoka ghafla. Diski hunguruma bila kupumzika, kichakataji hukaa bure, na hakuna kazi inayokamilika. Peter Denning, aliyekuwa mwanafunzi wa udaktari katika chuo cha MIT, alieleza chanzo chake mwaka 1968. Kila programu inapoleta ukurasa wake huufukuza ukurasa wa jirani, na jirani naye akirudi hufanya vivyo hivyo. Mfumo ulioandikwa bila busara huona kichakataji hakina kazi, ukadhani kuna nafasi, ukaingiza programu nyingine.

Dawa aliyoipendekeza Denning ilikuwa seti ya kazi, yaani jumla ya kurasa ambazo programu imezigusa katika kipindi kifupi kilichopita. Programu isipewe kichakataji mpaka seti yake ya kazi ipate nafasi katika kumbukumbu kuu. Zisipotosha zote, moja isubiri. Katika maelezo hayo yote, ukubwa wa nafasi iliyotengwa katika diski hauingii kabisa kwenye mlinganyo wa kasi. Mtu anaweza kuipanua mara kumi, na mhangaiko ule ukabaki palepale, kwa sababu msongamano uko upande wa RAM.

Mkono unarudi

Tarehe 2 Agosti 1972 IBM ilitangaza kumbukumbu pepe kwa ukoo wa mashine zake za System/370, na mjadala wa iwapo mpango huo unafaa ukafungwa kibiashara. Kilichofuata ni suala la nani atausimamia.

Kampuni ya Digital ilipotoa VAX-11/780 mwaka 1977, mfumo wake wa VMS uliweka mipaka ya seti ya kazi kwa kila mtumiaji, na mipaka hiyo iliandikwa na msimamizi. Hapa mkono wa binadamu ulirejea rasmi. Inafaa kusisitiza, hata hivyo, kwamba ulishika kitu sahihi: tarakimu za VMS ziligawa nafasi za kumbukumbu kuu, wala si ukubwa wa faili la diski tu. Msimamizi aliyezirekebisha alikuwa akifanya kazi ya Denning.

Katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Özalp Babaoğlu na Bill Joy waliingiza kumbukumbu pepe katika Unix ya VAX, na kazi yao ikatoka mwishoni mwa mwaka 1979 katika 3BSD. Mashine ya VAX haikuwa na alama ya kuonyesha kwamba ukurasa umeguswa, ikawabidi waibuni kwa hila ya programu. Jambo linalohusu makala haya ni jingine. Mifumo mingi ya Unix iliyofuata ilitenga mapema nafasi ya diski kwa kila ukurasa ambao ungeweza kuhitaji kuhamishwa. Katika mashine ya aina hiyo, eneo la kubadilishania lililo dogo kuliko RAM lilimaanisha kwamba sehemu ya RAM haitatumika ipasavyo. Ndipo ilipoenea kanuni ya "mara mbili ya RAM". Ilikuwa na sababu ya kiufundi. Matoleo ya awali ya Linux 2.4, yaliyoanza kutoka Januari 2001, nayo yalihitaji uwiano wa namna hiyo kutokana na jinsi yalivyoshughulikia eneo hilo. Sababu zilipoondoka, tarakimu ilibaki, na mafundi wakaendelea kuirithishana.

Mezani kwa mtu mmoja

Kichakataji cha Intel 80386 cha mwaka 1985 kiliileta tafsiri ya kurasa, kila moja ya kilobaiti 4, katika kompyuta ndogo. Windows 3.0 ya mwaka 1990 iliitumia, na toleo la 3.1 la mwaka 1992 likamruhusu mtumiaji kuchagua kati ya faili la muda na faili la kudumu. Faili la kudumu lilitakiwa kukaa mahali pamoja katika diski bila kukatika, nalo lilifikiwa moja kwa moja pasipo kupitia DOS. Lilikuwa na kasi zaidi kwa kiwango kilichoonekana. Kwa hiyo ushauri wa kuweka ukubwa usiobadilika, ambao baadaye uliambatishwa kwa kila toleo la Windows, ulizaliwa ukiwa sahihi. Katika Windows 95 faili lilianza kupanuka na kusinyaa lenyewe, na kisanduku cha mipangilio kikapendekeza kwamba mfumo uachiwe kazi hiyo. Wengi hawakuuachia.

Windows NT, iliyotoka mwaka 1993 chini ya uongozi wa kiufundi wa David Cutler, mtu yuleyule aliyeongoza ujenzi wa VMS, iliirithi dhana ya seti ya kazi, lakini safari hii ilifichwa ndani ya mfumo. Kilichoachwa mbele ya mtumiaji ni ukubwa wa faili la kurasa. Hili linaweza kuhesabiwa kuwa kosa la usanifu wa dirisha kuliko la usanifu wa mfumo: swali la kasi lilifungiwa ndani, swali la nafasi likatolewa nje, kisha likawekwa chini ya kichwa cha habari kinachozungumzia utendaji.

Faili hilo lilikuwa na kazi mbili za kweli. Kwanza, jumla ya RAM na faili la kurasa huweka kikomo cha kumbukumbu ambayo mfumo unaweza kuiahidi kwa programu zote. Kikomo kikifikiwa, programu hunyimwa nafasi na aghalabu huanguka. Pili, mfumo unapopatwa na hitilafu kubwa huandika yaliyomo kwenye RAM katika faili hilo ili yachunguzwe, na ili RAM yote iandikike, faili lililo katika diski ya kuwashia lilipaswa kuizidi RAM kidogo. Kuliongeza faili kulizuia kuanguka kwa programu na kuliwasaidia wachunguzi. Kuhusu kasi, faida ilipatikana iwapo lilihamishiwa katika diski nyingine kabisa, yenye mkono wake wa kusomea. Kulihamishia katika kizigeu kingine cha diski ileile kuliurefusha mwendo wa mkono huo, na matokeo yake yaliweza kuwa mabaya kuliko awali.

Mwaka 2008 Mark Russinovich wa Microsoft aliikosoa hadharani desturi ya kuzidisha RAM kwa tarakimu fulani. Hoja yake ni rahisi: mwenye RAM kubwa ndiye mwenye uhitaji mdogo wa faili, ilhali kanuni ya kuzidisha humpa kubwa zaidi. Alipendekeza mtumiaji apime kilele cha ahadi za kumbukumbu katika kazi zake za kawaida, ndipo aamue. Kwa upande wa Linux, toleo la 2.6 la Desemba 2003 lilikuwa limetoa kipimo cha tofauti, kutoka 0 hadi 100, chenye thamani ya kawaida ya 60, kinachoamua mfumo uelekee kiasi gani kuhamisha kurasa za programu badala ya kupunguza akiba ya mafaili. Kipimo hicho kilizua ubishi mkali kati ya wataalamu, lakini angalau ubishi ulihusu kurasa zipi zikae ndani. Ulikuwa umerudi Manchester.

Gharama ya kuchanganya maswali

Kuchanganyikiwa huko kulikuwa na soko. Mwaka 1995, RAM ikiwa bado ghali na Windows 95 ikiwa imetoka tu, kampuni ya Marekani ya Syncronys Softcorp iliuza programu iitwayo SoftRAM95, iliyodai kuongeza RAM maradufu kwa kubana yaliyomo. Mamia ya maelfu ya nakala zilinunuliwa. Wachunguzi walioifungua, akiwamo Russinovich kabla hajajiunga na Microsoft, walikuta kwamba haikubana chochote. Ilichofanya hasa ni kuongeza ukubwa wa faili la kurasa na kuonyesha tarakimu za kuvutia kwenye kioo. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliichukulia hatua kampuni hiyo mwaka 1996. Ulaghai huo uliwezekana kwa sababu wanunuzi walikuwa wamekwisha kuamini kwamba faili kubwa ni sawa na mashine yenye kasi.

Katika Afrika Mashariki, ambako kompyuta zilizokwisha kutumika ng'ambo ziliingia katika ofisi, shule na vibanda vya intaneti, suala hili lilikuwa la fedha zaidi kuliko la nadharia. Mmiliki wa mashine yenye RAM ndogo alikuwa na njia tatu zenye manufaa ya kweli: kununua RAM, kupunguza programu zinazofunguka pamoja na mfumo, au kutumia mfumo mwepesi zaidi. Njia ya nne, ya kubadilisha tarakimu katika kisanduku, haikuwa na gharama ya kununua, ndiyo maana ilijaribiwa kwanza. Ilipoonekana kusaidia, aghalabu ni kwa sababu faili la awali lilikuwa dogo mno kiasi cha kuangusha programu, au kwa sababu mashine ilikuwa imewashwa upya.

Wazo ambalo SoftRAM95 iliuza bila kulitekeleza halikuwa baya. Mwaka 2013 mfumo wa Apple wa OS X Mavericks ulianza kuzibana kurasa zisizotumika ndani ya RAM kabla ya kuzipeleka katika diski, Android 4.4, ya mwaka huohuo, iliweka njia kama hiyo kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ndogo. Na Windows 10 ikafuata mwaka 2015. Katika mifumo hiyo yote kazi ya kubana hufanyika bila mtumiaji kuulizwa. Kisanduku cha ukubwa wa faili la kurasa kingalipo katika Windows 10, madirisha yaleyale kadhaa kutoka juu, na alama ya kuuachia mfumo ujisimamie huwa imekwisha kuwekwa.